Karatasi iko kwa muganga, lakini gunia nani analikagua?

Bandugu, kila mwaka tarehe 31 Agosti, siku ya Afrika ya dawa za kienyeji, tunasikia maneno yaleyale. Leta inasema: tutaweka utaratibu katika kazi ya waganga. Waganga wanajibu: kwanza mututambue. Mwaka unaisha, mwingine unaanza, mazungumzo hayatoki pale. Mimi nimesoma agronomia, na lawama yangu ni moja kwa pande zote mbili: wote wanazungumza juu ya mutu na karatasi yake. Muti wenyewe hakuna anayeuzungumzia.

Tuanze na Leta. Kongo iko na programu ya taifa ya dawa za kienyeji, na tangu 2020 iko na ACOREP, chombo kinachosimamia madawa. Si kwamba hakuna kitu. Lakini karatasi ya kumuruhusu muganga afanye kazi inamutambulisha yeye. Haikuambii ule unga wa ndani ya chupa umetoka kwa muti gani, sehemu gani ya muti, umevunwa wapi na lini.

Mutu atasema: mambo madogo hayo. Hapana. Kule Bruxelles, mwanzoni mwa miaka ya 1990, klinike moja ilipatia wanawake vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina. Mafasi ya Stephania, mwenye kuuza alikuwa ameleta Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na wengine wakapata kansa. Waliowapa vidonge walikuwa madaktari, si waganga wa porini. Karatasi zao zilikuwa sawa, gunia njo lilikuwa baya.

Na hata muti ukiwa ni ule wenyewe, nguvu yake haiko moja. Watu wa Bukavu tunajua kenkina: maganda ya miti miwili hayatoi kinini sawa, njo maana inapimwa mbele ya kutengeneza kidonge. Artemisia ni hivyo hivyo. Mbegu, udongo, siku ya kuvuna na namna ya kukausha vinabadilisha kipimo cha artemisinini. Mwaka 2019 OMS ilisema haikubali chai ya artemisia kwa kutibu malaria, na sababu moja ilikuwa hiyo ya kipimo. Kwetu wengi walijibu: wazungu wanalinda biashara ya vidonge vyao. Inawezekana biashara iko ndani. Lakini jibu hilo halimuambii mama mwenye mutoto wa homa kikombe chake kiko na dawa kiasi gani.

Sasa waganga. Jibu lao la kwanza: dawa yetu ni ya asili, haiumizi mutu. Mukongomani anayesema vile amesahau muhogo. Muhogo uchungu ni wa asili kabisa, na kule Kwango, ukiliwa bila kulowekwa siku za kutosha, unaleta konzo: miguu inapooza na hairudi. Mama zetu hawakutulia juu ni wa asili. Walitafuta kipimo: siku ngapi ndani ya maji.

Jibu la pili: tukiwaonyesha miti, mutatuiba siri. Hapa wako na haki. Ganda la Prunus africana linatoka kwenye milima ya Kivu, linaenda Ulaya kutengenezwa dawa ya prostate, na mutu wa kijiji analipwa bei ya ganda tu. Tangu 1995 biashara hiyo iko chini ya CITES, yaani muti unalindwa. Maarifa ya walioujua kwanza, CITES haiyagusi. Iko Itifaki ya Nagoya ya 2010, Kongo iko ndani, na inataka wenye maarifa wagawiwe faida. Leta imuonyeshe muganga namna itamulinda kwa hiyo Nagoya, kisha njo imuulize siri.

Jibu la tatu linanisumbua zaidi: bababu walituachia hivi. Babu alienda porini mwenyewe, alichagua muti, alijua majira yake. Ule njo ulikuwa ukaguzi. Leo muganga wa mujini mara nyingi ananunua unga kwa muchuuzi, naye muchuuzi alinunua kwa mwingine. Jina la desturi limebaki, ukaguzi wake umekwisha.

Kwa hiyo usimamizi uanzie kwa gunia. Viandikwe vitu vitatu: jina la muti kwa lugha ya kijiji na kwa jina la sayansi, sehemu iliyochukuliwa, mafasi na tarehe ya kuvuna. Hakuna haja ya kuandika unachanganywa na nini, siri ibaki kwa mwenyewe. Tawi moja likaushwe na kupelekwa Lwiro ao Yangambi, ambako wanahifadhi mimea mikavu, ili siku mugonjwa akizidiwa, daktari ajue alikunywa nini. Shirika la waganga linaweza kuanza hata kesho, bila kungoja Kinshasa.

Na sisi? Vyuo vyetu vinatoa maagronome wanaojua kutambua mumea kwa jani na kwa ua, na wengi wanakaa bila kazi. Muchana tunacheka waganga kwenye simu, usiku homa ikipanda tunakunywa chupa yao. Nani kati yetu yuko tayari kwenda sokoni siku ya posho, akae na wachuuzi wa dawa, na kuanza kuandika majina ya miti?