Boksi Lisilohesabu Chochote: Uhakiki wa Kitini cha Kompyuta cha Base Camp

Kitini tunachokihakiki kimeandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wanaojifunza kompyuta Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Nakala yetu ni fotokopi iliyotufikia kupitia Mbarara. Mwandishi wake amethubutu jambo ambalo wengi wetu tumelikwepa, yaani kueleza kwa Kiswahili namna ya kuchora maumbo ya jometri kwa vifaa vya kuchorea vya Word. Kwa hilo anastahili pongezi.

Tatizo linaanza ukurasa wa nne. Mstatili unaitwa "boksi", mraba nao "boksi", na mwanafunzi anaambiwa abonyeze Shift "ili boksi lipendeze". Hapo somo limepotea. Word haina kitufe cha mraba. Ina cha mstatili, na Shift ikishikiliwa wakati wa kuburuta kipanya, urefu na upana hulazimika kuwa sawa. Kwa maneno mengine, programu yenyewe inafundisha kwamba mraba ni mstatili wa aina yake, kama ambavyo duara ni duaradufu la aina yake. Mwalimu wa hisabati angetafuta wapi kielelezo kizuri zaidi? Kitini kimekipita hivi hivi.

Wapo watakaosema boksi linaeleweka. Ni kweli, na Base Camp kueleweka si jambo dogo. Darasa moja huweza kuwa na Mkongo aliyeanza shule kwa Kifaransa, Mrundi, Msomali, na Mnyarwanda aliyezoea kusema mpandeshatu. Na anayeendelea na shule atafanya mtihani wa Uganda kwa Kiingereza. Hebu tazama: mpandeshatu ya Kinyarwanda inahesabu pande, pembetatu yetu inahesabu pembe, na umbo ni lile lile. Hilo peke yake lingetosha kipindi kizima. Boksi halihesabu chochote.

Tukiri, hata hivyo, kwamba istilahi zetu nazo zina makunyanzi. Pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90 kitini kinaiita "pembetatu mraba", sawa na vitabu vya Tanzania. Mwanafunzi aliyetoka kuchora mraba dakika tano zilizopita atauliza mraba uko wapi hapo, na ana haki ya kujibiwa. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba menyu inaweza kusomeka kwa Kiswahili. Kufafanua maneno yenyewe ni kazi yetu walimu.

Kitini pia hakisemi lolote kuhusu umbo kuhama. Niliwahi kusimamia jaribio ambamo pembetatu ya swali la tatu ilichapwa chini ya swali la tano, herufi A, B na C zikabaki zinaelea peke yake. Kisa ni mstari mmoja ulioongezwa juu. Wanafunzi walikokotoa kwa bidii, kila mmoja pembetatu yake. Dawa ni kuchagua umbo na herufi zake, kuziunganisha kuwa kundi moja, kisha kulipanga kundi hilo ndani ya mstari wa maandishi. Aya moja inatosha. Tunaomba iongezwe kabla ya nakala nyingine kutolewa, pamoja na jedwali la majina ya maumbo kwa lugha za darasa lile.