Uso Uliolainishwa na Maji

Mimi ni Odongo. Mjaluo akisikia jina hilo haulizi mengi: anajua nilitanguliwa na Opiyo. Opiyo wetu hakumaliza mwezi, na nyumbani hakuna picha yake. Ndiyo maana nikiviangalia visanamu vya ere ibeji siwezi kujifanya nimekuja kuona sanaa tu.

Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria huzaa mapacha kuliko karibu watu wote duniani. Zamani pacha akifa, wazazi walimwendea babalawo awapigie ramli, kisha mchongaji akachonga kisanamu cha mti, kama sentimita 25 hivi. Mama alikiogesha, akakipaka unga mwekundu wa osun, akakivisha shanga, akakilisha. Nywele zilipakwa nili; baadaye ikaja ile buluu ya kufulia nguo.

Lakini tazama vizuri: marehemu alikuwa mtoto mchanga, kisanamu ni mtu mzima. Kina matiti, kina chale mashavuni, nywele zimesukwa zikasimama. Kichwa ni karibu theluthi ya mwili. Wataalamu husema kichwa ndicho makao ya ori, majaliwa ya mtu. Sawa, sipingi. Mimi naona pia mchongaji akimpa mtoto ile miaka aliyonyimwa.

Sasa ugomvi wangu. Visanamu hivi vimejaa kwenye makumbusho na majumba ya matajiri Ulaya na Marekani, na utasikia vikielezwa kwamba uso "umechakaa". Pua imelala, macho yamebaki alama tu. Kwani umechakaa na nini? Na vidole vya mama! Kila kuoga kuliondoa kidogo. Mchongaji alianza kazi, mama akaiendeleza, na kioo cha kabati kimeikatiza. (Tusidanganyane lakini: si vyote vilivyoibwa. Watu walibadili dini, vingine wakaviuza wenyewe.)

Kuna wanaosema sanaa hii ilikufa pale wanasesere wa plastiki walipoingia badala ya mti. Hapo nakataa kabisa. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Stephen Sprague alifuatilia studio za picha za mji wa Ila-Orangun. Pacha akifa kabla ya kupigwa picha, mpiga picha alimpiga yule aliye hai, akachapisha sura yake mara mbili, ubavu kwa ubavu, wakawa wawili tena. Kwangu mimi picha hiyo haipungukiwi na chochote mbele ya mti. Pengine inauma zaidi, kwa sababu aliye hai ndiye anayeazima uso.

Nilimpigia mamangu nikamweleza habari za picha hizo. Akanyamaza kitambo, nikadhani laini imekatika.

"Na huyo wa pili, baba, walimvalisha nguo gani?"

"Zilezile za mwenzake, mama."