Binti na Zimwi: Kesi Isiyosikilizwa Nyumbani

Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki yumo binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akampenda mgeni mzuri wa sura asiyejulikana kwao. Mgeni humchukua mbali, na usiku uingiapo hurudia umbo lake la fisi, simba au zimwi. Mara nyingi anayemwokoa ni ndugu yake mdogo mwenye upele, yule aliyefukuzwa asiandamane na msafara wa bibi harusi. Wazee wamezoea kuifunga ngano hii kwa onyo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimu nao, Matai kama Dar es Salaam, huliandika onyo hilo ubaoni, na somo likaishia hapo.

Lakini onyo hilo ni la msimulizi, si la ngano. Hapana mahali ambapo binti anaulizwa kwa nini aliwakataa vijana wale, wala nani aliyemchagulia. Jambo la ajabu ni kwamba nyumbani mwa zimwi, katika giza na mifupa, ndimo anamopata kwanza nafasi ya kutazama kwa macho yake mwenyewe na kukata shauri la kutoroka. Kwa baba yake hakuwa nayo. Hata hivyo, tusiipambe ngano kupita kiasi: mwokozi wake kwa kawaida ni mvulana, na safari yake huishia palepale alipotoka.

Ufipa ina simulizi iliyo shupavu zaidi. Yasemwa kwamba wanawake watatu wageni, wamechoka kwa safari ndefu, walifika Milansi mfalme akiwa mawindoni, wakaketi kitini pake. Aliporudi, utawala wa nchi ulikwisha kumtoka. Akabakiwa na Milansi yake, na kutoka kwa wanawake hao ukazuka ukoo wa Watwa uliotawala Ufipa. Roy Willis, aliyekusanya mapokeo haya na kuyachapisha mwaka 1981, aliyachunguza kama historia ya dola. Mimi nayasoma pia kama fasihi, na swali langu ni hili: mbona hao wanaokalia kiti ni wageni? Binti wa Milansi mwenyewe hakupewa nafasi hiyo, hata katika simulizi. Ilibidi mwanamke mwenye madaraka atoke mbali, kama alivyotoka zimwi.

Ndipo tunapomfikia Euphrase Kezilahabi. *Rosa Mistika*, kilichotoka mwaka 1971, ni kitabu cha maisha tunayoyajua: Ukerewe, baba mlevi, barua ya mvulana, kipigo, shule, na mwisho binti kujiua. Wengi walikichukia kwa uwazi wake, na kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Mimi nadhani makali yake yamo mwishoni, pale ambapo mwandishi anauacha uhalisia ghafla. Wakiwa wafu, Rosa na baba yake Zakaria wanakutana mbele ya Mungu, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Wako wasomaji waliouona mwisho huu kama kiraka. Siafiki. Kezilahabi alimpeleka Rosa ng'ambo ya kaburi kwa kuwa huku duniani hapakuwa na baraza ambalo binti angeweza kusimama na kumshtaki baba. Kazi ya zimwi na kazi ya ahera ni moja: kumpa binti mahali pa kusemea.

Mwaka huohuo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na mvulana akawekewa miaka 18. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu, akashinda; Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Mwalimu anayefundisha *Rosa Mistika* leo ana kesi mbili za kusoma na darasa lake. Ya pili ilisikilizwa duniani, na mlalamikaji alikuwa hai.