Ukoma wa Mifupa na Ukoma wa Maandiko: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa kazi ambazo msanifu wa istilahi za tiba hana budi kuzizingatia ni ile ya Vilhelm Møller-Christensen (1903–1988), daktari wa Denmark aliyejitia katika akiolojia. Tangu mwaka 1948 alifukua makaburi ya hospitali ya wagonjwa wa ukoma ya enzi za kati huko Næstved, akapata mifupa ya mamia ya watu. Matokeo aliyaeleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1961. Hapa hatukusudii kuupima utabibu wake, bali majina aliyoyatumia, na yale tunayoyatumia sisi.

Ubora wa kazi hiyo ni kwamba ilianzia kwenye mfupa wenyewe. Mtafiti aliona kuwa katika mafuvu mengi kijiba cha mfupa kilicho chini ya tundu la pua kimelika, na mfupa unaoshika meno ya mbele ya juu umepungua hata meno yakang'oka. Mifupa ya vidole nayo ilikuwa imenyauka na kuchongoka. Alama hizo za usoni madaktari walikuwa hawajazieleza vilivyo. Baada ya yeye kuzitaja, zilitafutwa katika wagonjwa walio hai, zikaonekana. Wafu wa kale wakawa walimu wa waganga.

Hata hivyo, jina la Kilatini alilozipa alama hizo, facies leprosa, yaani "uso wa ukoma", lina kasoro. Linautaja ugonjwa kabla haujathibitishwa, ilhali kaswende pia huweza kuila mifupa ya pua. Mwaka 1992 Andersen na Manchester walipendekeza jina linalotaja mahali tu, yaani pua na taya la juu. Mfasiri atakayeandika "uso wa ukoma" atakuwa ameiingiza kasoro hiyo katika Kiswahili. Tena wagonjwa wengi wa ukoma hawapati madhara yoyote ya mifupa. Kwa hiyo fuvu lisilo na alama si ushahidi kwamba ugonjwa haukuwapo.

Kwetu sisi tatizo ni kubwa zaidi. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hutumia neno "ukoma" katika Mambo ya Walawi, sura ya 13 na 14, kwa hali ambayo huipata ngozi ya mtu, na pia vazi na ukuta wa nyumba. Ni dhahiri kwamba bakteria aliyegunduliwa na Hansen mwaka 1873 hauguzi ukuta. Neno la Kiebrania linalofasiriwa hapo, tsaraat, lilihusu unajisi. Kweli, mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za urithi za bakteria huyo katika mabaki ya mtu aliyezikwa Yerusalemu katika karne ya kwanza. Lakini hilo lathibitisha ugonjwa katika mtu mmoja, halithibitishi maana ya neno la kale.

Madhara ya mchanganyiko huu si ya kamusini tu. Ukoma hutibika kwa dawa, lakini aitwaye "mkoma" hubebeshwa unajisi wa Walawi hata baada ya kupona.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) "Ukoma" litumike kwa ugonjwa wa bakteria wa Hansen pekee. Mabaka meupe ya ngozi yaendelee kuitwa "balanga".

(b) Alama za fuvu ziitwe "ulikaji wa pua na taya la juu", hata pale mtafiti anaposhuku ukoma.

(c) Tsaraat ifasiriwe "pigo la unajisi", usemi unaoweza kukaa juu ya ngozi, vazi na ukuta bila kupingana.

(d) Taaluma yenyewe iitwe "elimu ya maradhi ya kale". "Elimukale ya maradhi" haifai, kwa kuwa "elimukale" tayari ni akiolojia, na taaluma hii huhitaji daktari sawasawa na mfukuaji.

(e) Badala ya "mkoma", iandikwe "mgonjwa wa ukoma"; na aliyetibiwa aitwe "aliyepona ukoma".

Tunatambua kwamba pendekezo la tatu litawagusa waumini waliolizoea neno la zamani tangu utotoni. Wenye hoja za kulipinga, hasa wafasiri wa maandiko na waganga, tunawaomba wazilete ili zipimwe kabla neno halijasanifiwa.