Siri kwa Mgeni: Taharuki ya Patricia Highsmith na Swali la Likoni

Riwaya ya Patricia Highsmith, Strangers on a Train (1950), imejengwa juu ya dhana moja: kwamba mtu humwambia asiyemjua lile ambalo hawezi kumwambia ndugu yake. Guy Haines, msanifu majengo anayetaka kumwacha mkewe Miriam, anakutana ndani ya treni na Charles Bruno, kijana wa kitajiri mwenye kumchukia baba yake. Wanakula na kunywa pamoja, na kabla ya safari kwisha mmoja amekwisha kutoa siri ya ndoa yake, na wa pili ametoa pendekezo: kila mmoja amwulie mwenziwe. Polisi hutafuta sababu, na muuaji asiyemjua marehemu hana sababu. Bruno anatimiza upande wake bila ya kuruhusiwa. Guy, baada ya kuandamwa kwa barua na vitisho, anatimiza wake.

Makala haya yanauliza kama dhana hiyo inaweza kusimama katika riwaya ya Kiswahili, hasa ikiwekwa upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Kwa upande wa mandhari hakuna kizuizi. Kivuko cha Likoni hubananisha kila asubuhi watu wa kila kabila na kila kazi. Treni ya usiku iliyokuwa ikitoka kisiwani jioni, ikapita Changamwe na kufika Nairobi siku ya pili yake, ilikuwa na vyumba vya vitanda viwili katika daraja la kwanza na vinne katika la pili, na abiria wasiojuana walilala humo pamoja hadi safari hizo zilipokoma mwaka 2017, reli mpya ilipoanzia Miritini. Bruno angelipata behewa lake. Kizuizi kimo katika neno.

Anwani ya Highsmith haitafsiriki kwa urahisi. Ukisema “wageni”, umekwisha kutaja watu wanaostahili kukaribishwa, kwani mgeni hukamilika kwa mwenyeji wake, na methali inamhesabia siku mbili kabla ya kumpa jembe. Ukisema “watu baki”, umetaja ukoo, kwa kuwa mtu baki ni baki kwa kulinganishwa na jamaa. Maneno yote mawili humtia mtu katika uhusiano kabla hajafungua kinywa. Tena kuna maamkizi ya pwani, ambayo hayaishii kwenye hali bali huendelea hadi utokako na watu wako ni akina nani. Abiria wawili wakiamkiana kwa ukamilifu huo, si ajabu wakafika ng’ambo wamekwisha kumpata mtu wanayemjua wote wawili. Hapo siri haina tena pa kukaa.

Hili husaidia kueleza umbo la riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kuliko madai ya kila mara kwamba riwaya hiyo iliiga Ulaya vibaya. Muhammad Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), aliijenga taharuki juu ya nasaba. Katika nyingi ya riwaya zake fumbo halifumbuliwi mpaka ijulikane nani alizaliwa na nani, na nani alificha. Tzvetan Todorov (1966) alieleza kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili, ile ya jinai na ile ya uchunguzi. Kwa Abdulla hadithi ya kwanza mara nyingi huanza kizazi kizima kabla ya maiti kuonekana. Wahakiki waliomwona Bwana Msa kuwa nakala ya Sherlock Holmes kwa sababu ya kiko chake na sahibu yake Najum walitazama vifaa wakaacha kazi. Holmes hufuatwa nyumbani kwake na wenye shida, kisha husoma majivu na matope. Bwana Msa naye husoma alama, lakini kinachomfungulia milango ni kupokewa, kuketishwa na kuzungumzishwa. Mpelelezi huyu ni mgeni kwa maana kamili ya neno, na siri humfikia kwa njia ya ukarimu.

Riwaya nyingine za kusisimua zilipita njia tofauti. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), aliitoa siri nyumbani akaipeleka kwenye dola, na siri ya dola haina haja ya urafiki wa safarini. Karibu zaidi na swali letu ni Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, ingawa si ya upelelezi. Kijana aliyelelewa Tanga anakwenda Kenya kumtafuta baba yake, naye ameitwa Kongowea, jina la kale la Mombasa na la mtaa ulioko bara ya kaskazini. Msafiri huyu hutegemea sana watu asiowajua, lakini anachokitafuta kwao ni nasaba ileile.

Georg Simmel, aliyeandika mwaka 1908 kwamba mgeni hupewa siri ambazo watu wa karibu hufichwa, hakuwa akimzungumzia mpita njia. Mgeni wake ni mkazi: amekuja, amebaki, lakini hahesabiwi kuwa na mizizi. Highsmith alimchukua mpita njia. Likoni ilikuwa na mgeni wa Simmel, na tarehe 13 Agosti 1997 ikaonekana gharama yake. Washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni, kisha wakawageukia watu wa bara. Neno hili lina kejeli yake, kwani Likoni yenyewe ni bara mbele ya kisiwa. Lakini “mtu wa bara” ni aliyetoka mikoa ya ndani, hata kama ameishi Likoni miaka ishirini. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikiliza ushahidi wa viapo vilivyoliwa msituni.

Kiapo ni siri inayowafunga watu pamoja dhidi ya wengine, na kwa hiyo ni ndugu wa mapatano ya Bruno. Ila mantiki yake imepinduka. Kwa Highsmith jinai inawezekana kwa sababu muuaji hamjui marehemu. Katika Likoni ya 1997 hofu ilikuwa kwamba anayeujua mlango ni jirani. Mwandishi wa Kiswahili atakayeichukua taharuki hii hatakuwa na haja ya kuwakutanisha watu wasiojuana. Atahitaji kuonyesha namna anayejulikana anavyofanywa mgeni, na nani alikuwa na habari kabla ya usiku ule.

Mwisho wa riwaya ya Highsmith ndio mtihani wenyewe. Alfred Hitchcock, katika filamu ya 1951, alimfanya Guy mcheza tenisi asiyeua mtu, akaiondolea hadithi uchungu wake. Katika kitabu Guy ameua, na mzigo unamshinda. Anakwenda kuungama kwa Owen, aliyekuwa mpenzi wa Miriam. Owen hajali. Mpelelezi Gerard ndiye anayesikiliza, kupitia simu iliyoachwa wazi. Adhabu kubwa ya Guy haitoki kwa Gerard bali kwenye ule uvivu wa Owen, kwa kuwa siri imetolewa na haikupata wa kuipokea. Mhusika huyo ndiye mgumu kuliko wote kumhamishia Likoni. Owen wa Likoni, hata awe amelewa namna gani, angeuliza kwanza marehemu alikuwa mtu wa nani.