Mikimbio 11,167 Bila Kofia ya Taifa

Mechi ya Ranji Trophy huanza asubuhi ya siku ya kazi, na mara nyingi watazamaji wake ni wazee wachache wenye magazeti, wanafunzi waliotoroka vipindi na askari wanaolinda majukwaa matupu. Hili ndilo shindano kuu la ndani la kriketi ya India, lililoanza msimu wa 1934/35. Hakuna muziki wala fataki kama za IPL, ligi ya India ya mechi fupi. Kule katikati ya uwanja mtu mmoja aliyevaa pedi na helmeti anachora mstari ardhini kwa njumu za kiatu, anamuuliza mwamuzi amesimama mbele ya kijiti kipi, kisha anainama juu ya gongo lake na kungoja. Akifanikiwa, atakuwa hapo hadi jua la kesho.

Anayetazama kriketi kwa mara ya kwanza hudhani kazi ya mpigaji ni kupiga. Kaa na mpigaji huyo saa ya kwanza ya mechi. Mpira ni mpya, mwekundu, ngozi yake inang'aa, mshono umeinuka, na unyevu wa usiku haujakauka kwenye pichi. Mrushaji anatoka mbali mbio na kuuachia kwa kilomita 130 kwa saa. Kutoka vijiti vya huku hadi vijiti vya kule ni mita 20.12 tu, kwa hiyo mpigaji ana kama nusu sekunde ya kuusoma mpira utadunda wapi, utaingia ndani au utatoka nje, na kama unamhusu. Aliyefundwa vizuri anajua kijiti chake cha nje kiko wapi bila kugeuka kukitazama. Mpira ukipita upana wa kiganja nje ya kijiti hicho, ananyanyua gongo juu, anavuta mikono kifuani na kuuacha uende zake kwa mlinda wiketi. Hakuna anayepiga makofi. Ila akikosea kwa unene wa ukucha, mpira utagusa ukingo wa gongo, utadakwa, na yeye atakuwa amekaa chumbani saa nne kasorobo, akiwatazama wenzake hadi jioni. Mchezo mwingine gani unamhukumu mtu namna hiyo kwa kosa moja?

Kuacha mpira ndiyo nusu ya ufundi, na ndiyo nusu isiyoonekana kwenye takwimu.

Nimechagua kumsifu Amol Muzumdar, mzaliwa wa Bombay wa mwaka 1974, kwa sababu aliuishi ufundi huu kwa miongo miwili na hakuvaa kofia ya timu ya taifa ya wakubwa hata siku moja. Alifundishwa na Ramakant Achrekar, mwalimu wa uwanja wa Shivaji Park huko Bombay aliyekuwa akiweka sarafu ya rupia moja juu ya vijiti: mrushaji akimtoa mpigaji, sarafu yake; mpigaji akimaliza zoezi bila kutolewa, anaichukua yeye. Mwezi Februari 1988 shule yake, Shardashram Vidyamandir, ilikuwa inacheza nusu fainali ya Harris Shield, shindano la shule za Bombay. Wanafunzi wawili, Vinod Kambli na Sachin Tendulkar, waliungana wakapata mikimbio 664 bila kutenganishwa. Muzumdar ndiye aliyekuwa wa kuingia baada yao. Alivaa pedi akakaa, jua likapanda, likashuka, wale wawili wanapiga tu. Timu ilitangaza kufunga zamu yake kabla hajaingia uwanjani.

Waandishi wa India hawaachi kukisimulia kisa hicho, nami nimekirudia, lakini kimemharibia jina. Kimemfanya awe mtu wa kungoja, wakati kilichofuata ni kazi. Februari 1994, akiwa na miaka 19, aliichezea Bombay kwa mara ya kwanza katika Ranji, dhidi ya Haryana huko Faridabad, akapata mikimbio 260. Duniani hakuna aliyekuwa amepata mingi hivyo katika mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza. Rekodi ile ilidumu hadi Desemba 2018, Ajay Rohera wa Madhya Pradesh alipofikisha 267.

Kwa nini basi hakuitwa? Jibu liko kwenye orodha ya majina. Tendulkar alikuwa tayari ameijaza nafasi yake. Mwaka 1996 wakaingia Sourav Ganguly na Rahul Dravid katika mechi moja, pale uwanja wa Lord's, na kabla mwaka haujaisha VVS Laxman naye akaingia. Katikati ya timu hapakubaki hata pa kuchomeka sindano, na wanne hao walikaa zaidi ya miaka kumi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Muzumdar alivumilia, mbivu zikaliwa na wengine, na kesho yake asubuhi akarudi kuchora mstari wake ardhini.

Hapo ndipo namvulia kofia. Kijana anayetafuta kuitwa kambini hucheza kwa ajili ya wateuzi. Mtu mzima wa miaka 32 anayejua kuwa wateuzi wameshaangalia kwingine hucheza kwa ajili ya nini? Msimu wa 2006/07 Muzumdar alikuwa nahodha wa Mumbai, jina jipya la Bombay. Katika nusu fainali na Baroda, zamu ya pili, Mumbai walipoteza wiketi tano kabla ya kupata mkimbio hata mmoja. Sifuri kwa tano! Walishinda mechi ile, wakaifunga Bengal katika fainali, wakachukua kombe. Baadaye alishika rekodi ya mikimbio mingi kuliko wote katika historia ya Ranji, hadi Wasim Jaffer alipompita. Mwaka 2009 alihamia Assam, kisha Andhra, timu zisizo na majina makubwa, na huko vijana walipata kumwona kwa karibu mtu anayejua kuacha mpira.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kumtazama mtu wa aina hii. Mwaka 2003 Kenya, chini ya nahodha Steve Tikolo, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Durban na kufungwa na India kwa mikimbio 91. Mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sababu ni nyingi, na ugomvi wa viongozi ni mojawapo. Lakini mimi huwa nafikiria pia kilichokuwa nyuma ya kila timu. Nyuma ya Dravid kulikuwa na kina Muzumdar chungu nzima, wakipambana siku nne mfululizo, msimu hata msimu. Tikolo nyuma yake alikuwa na klabu za Nairobi na mechi za wikendi.

Muzumdar alistaafu Septemba 2014: mechi 171 za daraja la kwanza, mikimbio 11,167, mara 30 akivuka mia. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2025, kule Navi Mumbai, timu ya wanawake ya India iliifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kocha wao alikuwa yeye. Wengi walisema siku ile kwamba hatimaye dunia imemlipa deni lake. Mimi sioni deni. Kombe lile ni la wanawake walioingia uwanjani wakalishinda. Muzumdar alikwishakuwa fundi kamili siku aliyovua pedi zake Andhra, hata kama asingeitwa kocha na mtu yeyote.