Heko kwa Walinzi wa Kigong'ota

Penye mizinga nani hutarajia kiota? Lakini Fort Bragg, kambi kubwa ya jeshi la Marekani katika jimbo la North Carolina, ina mgeni wa heshima: kigong'ota mdogo mwenye alama nyekundu kichwani, aliyewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1970.

Ndege huyu ana masharti. Hutoboa nyumba yake kwenye msonobari mkongwe ulio hai, kazi inayoweza kumchukua miaka, kisha huuacha utomvu utiririke ili nyoka wasipande. Hapendi vichaka, navyo vichaka huondolewa na moto. Kwingineko misonobari ilikatwa na moto ukazimwa. Kambini, cheche za makombora ziliendelea kusafisha msitu.

Awali wanajeshi walinung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mazoezi yalibanwa kando ya miti yenye viota, iliyopakwa mikanda ya rangi nyeupe. Ugomvi ukageuka ushirikiano: wataalamu wa wanyamapori wakachoma nyasi kwa zamu, wakapachika visanduku vya kutagia ndani ya mashina, na ardhi jirani ikahifadhiwa. Mwaka 2006 lengo la idadi ya ndege eneo hilo lilitimia, na mwaka 2024 kigong'ota akashushwa daraja la hatari.

Basi heko kwao. Wamethibitisha kwamba anayejua kulinda mpaka anaweza pia kulinda kiota.